Dawa Isiyowasha

Wazazi wenzangu, na nyie vijana mnaocheka huko nyuma, naomba mnisikilize. Habari hii nimeombwa niiseme, na aliyeniomba ndiye yaliyemkuta. Nilimwambia, "Shemeji, nikisema nitakutaja kwa jina." Akanijibu, "Nitaje. Ukinificha utakuwa hujanisaidia kitu." Basi simfichi: ni mzee Shemweta.

Ilikuwa Ijumaa, msimu wa machungwa, wanaume wameshatoka msikitini. Nyumbani kwa mzee Shemweta palikuwa pametulia. Salima, mke wa mwanawe, alikuwa barazani anamenya mihogo. Mumewe Salima, Mbelwa, alikuwa anapanga machungwa kwenye matenga, maana kesho yake lori la Dar es Salaam lilikuwa linapita. Mzee mwenyewe alikuwa amelala kifudifudi kwenye mkeka, mgongo wazi, anakunwa na mjukuu wake Tunu kwa gunzi la mahindi.

"Hapa, Babu?"

"Chini kidogo."

"Unawashwa?"

"Nawashwa kweli kweli. Dawa imekolea, daktari wangu."

Tunu alicheka mpaka akakaa chini. Alikuwa na miaka mitatu, mnene, mbishi, na mchezo wake mkubwa ulikuwa huo wa kumtibu babu yake. Mimi jirani yao nilikuwa nimekuja kuomba chumvi pale, nikamtania, "Na mimi nitibu basi." Akaniangalia kwanza, akasema, "Wewe huumwi, bibi. Wewe unapenda maneno tu." Tulicheka sote.

Hilo gunzi lazima nilieleze, maana nyie watoto wa leo hamlijui. Wakati wa klorokwini ulikuwa ukimeza dawa, homa inashuka, halafu mwasho unaanza. Viganja, nyayo, kichwani, kila mahali kama umelala kwenye upupu. Karibu kila nyumba hapa Kwemdulu ilikuwa na gunzi lake limening'inizwa mlangoni, na mgonjwa alikunwa na ndugu zake kwa zamu. Mtu akiugua hatukumuuliza kama amepata nafuu. Tulimuuliza, "Imewasha?" Akisema imewasha, tunashukuru Mungu, tunajua dawa imeingia damuni. Akisema haijawasha, tunamwongezea.

Na mwalimu wetu katika hayo alikuwa Shemweta. Alifanya kazi ya udresa, ya kufunga vidonda na kuchoma sindano, kwenye zahanati ya shamba la mkonge tangu ujana mpaka mvi. Sindano za wakati ule za kuchemsha alizijua, vidonda alivijua, malaria aliijua. Alipostaafu alirudi hapa, na watu wote, mimi mmoja wao, tukamwita Dokta. Alitibu bila kudai kitu. Wengi wenu mliokaa hapa mlimezeshwa klorokwini na mkono wake, mkapona. Msije mkasikia yatakayofuata mkasema alikuwa mtu mbaya. Wallahi hakuwa mbaya.

Haya. Jioni ile ile tuliitwa mkutanoni. Mganga wa zahanati yetu alikuwa Singano, kijana mzuri lakini ana haraka, anaongea utadhani ameacha chungu jikoni. Akasimama akasema, "Ndugu zangu, kuanzia sasa klorokwini hatutoi tena. Serikali imebadilisha. Mgonjwa wa malaria atapewa dawa iitwayo SP. Unameza mara moja, hapo hapo mbele yangu, umemaliza."

Watu wakanong'ona. Shemweta akanyoosha mkono. "Inawasha?"

"Haiwashi, mzee wangu."

"Haiwashi hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Mzee akageuka akatuangalia sisi. "Mmesikia wenyewe. Dawa isiyowasha ni unga."

Mkutano mzima ukaangua kicheko. Mwanamke mmoja akadakia, "Na tumesikia inababua ngozi! Mtu anatoka malengelenge!"

Singano hakudanganya. Alisema, "Hilo hutokea, lakini kwa watu wachache mno. Ukiona vipele baada ya kuimeza, njoo mbio. Malaria inawaua watoto wetu kila msimu wa mvua, na klorokwini haiwezi tena. Vijidudu vimeizoea."

"Nani kasema vimeizoea?" Shemweta aliuliza.

"Wizara."

"Wizara inaijua Kwemdulu?"

"Inaijua. Mzee, umewasahau wale waliokuja kutoboa watoto vidole? Si wewe uliyekuwa unawashika?"

Hapo tulikumbuka wote. Miaka mitatu nyuma walikuja wataalamu na darubini zao, wakakaa zahanati. Watoto wenye homa walipewa klorokwini, na kila baada ya siku kadhaa wakatobolewa kidole, tone la damu likapakwa kwenye kioo. Watoto waliwakimbia. Aliyewatuliza alikuwa Shemweta. Aliwapakata mmoja mmoja, akawashika vidole, akawaimbia. Hata kaka yake Tunu, Hoza, alitobolewa huku amekaa kwenye paja la babu yake.

"Walipima, wakaondoka," mzee alisema, na sauti yake sasa ilikuwa na uchungu. "Hawakuniletea jibu. Mpaka leo."

"Jibu lenyewe ndilo hili," akasema Singano.

"Jibu gani linachukua miaka mitatu?"

Watu wakacheka tena, wakaanza kuinuka. Singano akapandisha sauti akieleza kwamba damu ya vijiji vingi ilikusanywa, kwamba wakubwa walibishana huko Dar es Salaam, wengine wakiogopa gharama, wengine wakiogopa dawa mpya nayo itazoeleka. Nani alikuwa anamsikiliza? Wengine walishafika barabarani. Na kwa haraka yake ile, jambo moja kubwa hakulisema: kwamba klorokwini ilikuwa inapoza homa yenyewe hata kama vijidudu bado vimo, na kwamba SP haipozi homa upesi namna ile. Angelitamka hilo tu siku ile! Lakini hakulitamka, na sisi hatukuuliza.

Mbelwa aliondoka na lori la machungwa. Hakukaa sana huko alikokwenda kuuza, Tunu akapata homa.

Salima alimfunga mgongoni kwa kanga, akashika njia ya zahanati. Alikuwa hajauvuka uwanja, mzee akamwita.

"Mama Tunu, wapi na mtoto?"

"Kwa Singano, Baba. Anachemka."

"Ili akapewe unga?"

Salima akasimama. Mnajua wenyewe mila zetu za ukwe. Msichana wa watu, mumewe hayupo, anaishi chini ya paa la baba mkwe aliyemtendea wema tangu siku ya harusi. Akasema kwa sauti ya chini, "Singano alisema ile ya zamani haifai tena, Baba."

"Hoza alipona kwa dawa gani? Wewe mwenyewe ulipokuwa na mimba ya huyu ukaugua, ulipona kwa dawa gani? Lete mtoto."

Akampa. Mzee alikuwa na kopo zima la klorokwini chini ya kitanda. Akasaga, akachanganya na maji ya sukari, Tunu akameza huku anakunja uso. Jioni homa ikashuka, mtoto akaanza kujikuna viganja. Shemweta alitoka uani na gunzi mkononi, uso umemeremeta.

"Shemeji!" aliniita. "Njoo uone! Imewasha! Mwambieni Singano imewasha!"

Nilikwenda nikaona. Tunu alikuwa amekaa, anakula bada, ugali wa muhogo, na mchuzi wa samaki, anakunwa mgongo na babu yake. Na mimi niseme nini? Nilifurahi.

Habari ilizunguka kijiji kizima. Zahanati pakawa patupu, Singano anakaa mlangoni anafukuza nzi, na makopo ya SP yamejaa kabatini. Watu walikuja kwa Dokta. Mmoja alipeleka mtoto wake zahanati akapewa SP, jioni mtoto bado ana moto, hajikuni. Basi ikawa ushahidi huo. Alisema, "Kweli ni unga," ingawa mtoto wake huyo baada ya siku mbili alikuwa anapanda miti. Hilo hakulihesabu mtu.

Homa ya Tunu ikarudi. Mzee akampa tena. Ikashuka, akajikuna, wakashangilia, ila safari hii mtoto hakucheza. Alikaa tu kizingitini. Nilimwita nimpe chungwa, akalishika, akaliacha likadondoka. Nikamgeuza kiganja. Ndugu zangu, kile kiganja kilikuwa cheupe kama muhogo uliomenywa.

Nilimfuata mzee. "Shemeji, huyu mtoto ameishiwa damu. Hebu muangalie macho, muangalie ulimi."

"Ni homa inatoka. Mwili umechoka."

"Mpeleke kwa Singano."

"Nilikuwa natibu watu Singano hajazaliwa!"

"Sijakataa ulitibu! Nasema mpeleke!"

"Unanifundisha kazi yangu, wewe niliyekumezeshea dawa watoto wako wote watano?" Alikuwa anaitazama njia ya zahanati. Na hapo ndipo nilipoona kwamba anaogopa. Alikuwa ameshasema mbele ya kijiji kizima, na kumpeleka mtoto zahanati ilikuwa kutembea katikati ya watu wale wale aliowachekesha.

Homa ikarudi mara ya tatu. Asubuhi hiyo Salima alitaka kuiba njia. Alipita nyuma ya nyumba, mtoto kifuani, akapenya kwenye michungwa. Mzee alikuwa kule anakata majani. Wakakutana uso kwa uso.

Salima alinieleza baadaye kwamba alipiga magoti. Alisema, "Baba, nakuomba. Nitukane, lakini niache nipite."

Naye akamjibu, "Ukipita hapo na mjukuu wangu, usirudi kwenye nyumba hii."

Salima akarudi. Msimlaumu upesi. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na mbili na hakuwa na pa kulala pengine karibu. Akakaa chumbani, Tunu akapewa dawa kwa mara ya tatu, na safari hii homa haikushuka. Alijikuna tu. Alijikuna kwa vidole visivyo na nguvu, analia bila sauti.

Mchana Mbelwa akafika, mfuko wa zawadi mkononi, ndani mna viatu vidogo vyekundu. Akamkuta mwanawe anapumua kwa mbavu, haraka haraka. Hakumsalimia baba yake. Alimnyakua mtoto, akapanda baiskeli ya jirani na Salima nyuma ameshika ule mfuko, wakaenda. Mimi na mzee tuliwafuata kwa miguu, na sikuwahi kumwona Shemweta akikimbia kabla ya siku hiyo.

Singano alipomwona mtoto hakusema "nilisema". Namheshimu kwa hilo mpaka leo. Alimchoma kwinini, akasimamisha gari la kubeba mawe lililokuwa linapita, akatuingiza sote, na yeye mwenyewe akapanda. "Anahitaji damu," alisema. "Mwendo, dereva! Usisimame popote!"

Barabara ile mnaijua. Tunu alikuwa mapajani mwa mama yake. Katikati ya safari akafumbua macho, akamtafuta babu yake.

"Babu."

"Nipo, mama yangu. Nipo."

"Nikune."

Mzee akamshika mkono, akamkuna kiganja kwa kidole gumba, polepole, huku machozi yanamdondoka. Aliendelea kumkuna mpaka mjini.

Hospitalini daktari, mwanamama mmoja mtulivu, aliuliza akiwa anatafuta mshipa, "Mtoto amepewa dawa gani nyumbani?"

Shemweta akasogea mbele. "Klorokwini. Mara tatu. Nimempa mimi."

"Nyinyi mnatoka wapi?"

"Kwemdulu."

Daktari akaendelea na kazi. "Kwemdulu nimeifanyia kazi," alisema. "Nilikuwa kwenye timu iliyowapima watoto. Klorokwini ilikuwa inashindwa kwenu kuliko karibu vijiji vyote tulivyopita. Kulikuwa na mtoto mmoja tulimpa dozi kamili mbele ya macho yetu, homa ikashuka kabisa, na vijidudu bado vimo damuni. Tulimtibu na dawa nyingine ndipo akapona. Jina lake nalikumbuka kwa sababu ni fupi. Hoza."

Hoza ni mjukuu wa Shemweta. Kidole kilichotobolewa alikishika yeye. Mtoto aliyemtolea mfano, "Hoza alipona kwa dawa gani," alikuwa amepona kwa dawa nyingine, na sisi hatukuambiwa, wala hatukwenda kuuliza.

Damu ya Mbelwa ililingana. Chupa ikatundikwa. Tone la kwanza likashuka, tukaanza kuomba dua. Haikufika nusu. Tunu alivuta pumzi moja ndefu, akaiacha, basi.

Salima alimvalisha mwanawe vile viatu vyekundu, akamfunga mikanda, akakaa amemshika miguu. Inna lillahi. Sitaongeza neno hapo.

Tulizika siku ya pili. Baada ya matanga Salima alirudi kwao, akakaa mwaka mzima kabla Mbelwa hajamrudisha. Mzee alitumbukiza kopo la klorokwini chooni na kukataa kuitwa Dokta. Mtu akimwita hivyo alikuwa haitiki. Na zahanati ikaanza kupata watu, mmoja mmoja, wakipita kwa aibu nyumba ya Shemweta.

Ningeishia hapo. Lakini mnajua kwamba dawa ilibadilishwa tena. Miaka ilipita, SP nayo ikazoeleka, wapimaji wakaja, vidole vikatobolewa, wakubwa wakabishana, na Singano, ambaye sasa ana kitambi na haraka imempungua, akasimama mkutanoni na dawa nyingine, ya mseto, vidonge vya njano vya kumeza siku tatu pamoja na chakula.

Nyie mlikuwepo. Mliguna. Mmoja wenu, simtaji, alisimama akasema, "Kila siku mnabadilisha! Mnatufanya panya wa kujaribia? Mimi narudi kwenye ile ninayoijua!" Na mkampigia makofi, kama sisi tulivyomchekea mwingine zamani.

Shemweta aliinuka kwa fimbo. Kwenye mfuko wa kanzu akatoa gunzi, jeusi kwa uzee. Nilidhani lilishatupwa.

"Mimi nilimpa mjukuu wangu dawa niliyoijua," alisema. "Iliwasha vizuri. Alikufa huku anajikuna. Mwenye swali la dawa aniulize mimi kabla hajamuuliza Singano."

Akageuka kwa mganga. "Mwanangu, hii ya sasa inamezwaje? Na kesho yake tutaona nini, homa ikiwa bado? Sema taratibu, wote wasikie. Na wale waliopima, safari hii jibu lao la hapa kwetu ni lipi?"

Singano akasema taratibu. Akasoma na majibu ya kijiji chetu. Tuliondoka giza linaingia.

FUNZO MNALOTAKIWA KUONDOKA NALO

Dawa ya malaria hubadilishwa kwa sababu vijidudu navyo vinajifunza. Iliyomponya mama yako inaweza kumuua mwanao. Msiipime dawa kwa mwasho, wala kwa uchungu wake, wala kwa homa kushuka jioni moja. Mpeleke mtoto akapimwe, amalize dozi, na homa ikirudi, rudi naye.

Amri ya kubadilisha dawa haianzi kwenye kiti cha mkubwa. Imetoka kwenye vidole vya watoto wetu wenyewe, waliolia hapa hapa zahanati. Kuikataa ni kuwatoboa bure. Na nyie wapimaji, mkichukua damu yetu, leteni jibu, mlisome mbele yetu. Mngemletea Shemweta jibu la Hoza, pengine leo nisingekuwa na la kusimulia.

Na nyie wake wa watoto wetu: mtoto akichemka, usiombe ruhusa ya mtu. Pita. Ukifukuzwa, njoo kwangu, mlango wangu mnaujua. Salima anaujua sasa. Tunu angekuwa msichana wa kwenda sekondari mwaka huu, na viatu vyekundu vya namba kubwa zaidi.

Zahanati iko wazi. Nendeni.